Nataka Ongeza

Majina ya watu sisahau. Anayeniuzia chumvi leo namjua jina, namjua jina la mama yake, na ukinipa nafasi nitakutajia na la nyanya yake aliyekuja huku na msafara wa askari kutoka Sudan. Ndiyo ilikuwa mizani yangu miaka yote niliyofanya biashara, nikinunua karanga Adumi na kuziuza Koboko, na kule mpakani Oraba kwa madereva wa malori. Kabla sijauliza bei nauliza jina. Mtu ukishamwita kwa jina lake na la mama yake, mkono wake unakuwa mzito kukuibia. Lakini humu sitataja hata jina moja. Watu wa habari hii wote wako hai, mmoja wao tunapakana ukuta, na kusoma anajua kuliko mimi.

Mimi kusoma nilipata kidogo. Herufi za Kiarabu chuoni, herufi za Kizungu kwenye magunia na matangazo ya dukani. Kiswahili nilikipata kwa baba yangu, askari, na Kiswahili cha askari ni kifupi, cha kuamrisha na kukubali. Baadaye redio ikanirefushia kidogo. Kwa hiyo nikiandika vizuri, shukuruni redio. Nikiandika vibaya, ni baba.

Mwanangu wa mwisho anaishi Arua. Kazi yake ni kubeba abiria kwa gari dogo, Arua kuja Koboko, Koboko kurudi Arua. Lile gari lake la petroli lilikuwa limezeeka kuliko mimi. Likifika kwangu linakohoa kwanza ndipo linazima. Umeme mkubwa ulipofika West Nile, ule ambao hauzimwi kila jioni kama wa zamani, mwanangu akaanza ugonjwa mpya. Anakuja, anakaa mkekani kwangu na simu, ananionyesha magari.

"Mama, hili halinywi petroli."

"Linakula nini?"

"Linachomekwa ukutani, kama simu."

"Basi litakuwa kama wewe. Mchana kutwa umechomekwa ukutani."

Alicheka, lakini hakuacha. Alikuwa ameona gari jipya huko Dubai, jeupe, halijawahi kukaliwa na mtu. Pesa za meli na za ushuru alikuwa ameshazitenga. Pesa za gari lenyewe alikuwa nazo, ila hazikufika pale muuzaji alipotaka. Pengo lilibaki, na pengo hilo kila mtu alijua litazibwa na nini, ingawa kwa muda mrefu hakuna aliyelitamka.

Nyumba yangu Koboko iko karibu na barabara. Kati ya mlango wangu na barabara kuna kipande cha ardhi, si kikubwa. Hapo ndipo ninapotandika mkeka wangu asubuhi na kusuka tabaga, yale makawa yetu ya rangi ya kufunikia chakula. Hapo ninauza, na hapo nasalimiwa. Kila anayepita namwita kwa jina, naye anasimama. Aliyetoka kuoza binti, aliyefiwa, aliyerudi kutoka Oraba mikono mitupu, wote wanapita mbele yangu.

Jirani yangu alikitaka kipande hicho. Alikuja kutoka Sudan Kusini wakati wa vita na mkewe na watoto, akapanga chumba nyuma ya ukuta wangu, akauza sabuni na mafuta ya kupikia mpaka akanunua ile nyumba yenyewe. Mkristo, mtu mpole, Idi haimpiti bila kuniletea sukari. Alitaka kujenga stoo mbele, malori yashushe mzigo bila kuzunguka. Hakunilazimisha hata siku moja. Alikuwa na sentensi yake moja tu, anaisema akiwa amesimama getini na mikono nyuma.

"Mama, mambo ikikuwa ngumu, mimi iko."

Mimi iko. Nilimjibu nashukuru, na moyoni nikasema, ndiyo maana mambo hayalali, wewe uko.

Sasa nieleze nilivyofungwa, kwa sababu aliyenifunga ni mimi mwenyewe. Mwanangu ana watoto wanaosoma, na lile gari la petroli lilikuwa limebaki kufukiwa tu. Nikikataa kuuza kipande, ninamfungia yeye riziki. Nikikubali, stoo inasimama mbele ya mlango wangu na mimi nabaki nyuma yake na kichochoro cha kupitia. Mtu anayekaa nyuma ya stoo, nani atamsalimia? Jina lake litatajwa siku ya mazishi.

Basi siku moja mwanangu akiwa hapo, na jirani akiwa hapo na kikombe changu cha chai mkononi, nikasema ili yaishe.

"Sikilizeni wote wawili. Gari likipatikana kwa pesa iliyo mfukoni mwako, kipande kinabaki changu. Likizidi hata kidogo, jirani alete kamba apime."

Nilisema kwa hasira, lakini nilisema mbele ya mtu. Koboko nzima inajua mimi sirudishi neno. Nilipokuwa nikifanya biashara, hilo ndilo lililokuwa duka langu. Jirani akaweka kikombe chini taratibu.

"Mama amesema," akasema.

"Nimesema," nikamjibu. Ningesemaje tena?

Mwanangu alikuwa ameshajaribu kupunguza bei mwenyewe, kwa Kiingereza, kwa kuandika. Bei haikutikisika. Lakini wakala aliyekuwa akiuza kule Dubai alikuwa mtu wa pwani, na siku moja alimtumia sauti kwa Kiswahili. Mwanangu akaja mbio kutoka Arua.

"Mama, ana Kiswahili kama chetu, ila kirefu. Wewe ongea naye. Wewe ndiye uliyewashinda madereva wa Oraba."

Kweli niliwashinda. Nikajifunga gurbaba yangu nzuri kiunoni, ile ninayovaa kwenye harusi, kwa sababu aliniambia tutaonana uso. Akaniketisha kwenye kiti cha mbao, akaegemeza simu kwenye kopo la sukari. Simu yenyewe ilikuwa imeisha moto wa betri, waya wake mfupi ukaivuta karibu na ukuta, nami nikavutwa na simu. Nilikaa kwenye kona ya chumba changu mwenyewe kama aliyeadhibiwa. Jirani alikuwa kwenye benchi la nje, mlango wazi, anasikia kila kitu.

Uso ukatokea. Kijana mnene kidogo, shati jeupe, nyuma yake magari yamepangwa kama meno.

"Shikamoo, bibi."

Huku kwetu hatuamkiani hivyo. Nilijua jibu lake kutoka redioni, lakini ulimi ukakataa. Nikamwambia, "Salama."

"Bibi yangu, hujambo? Nimefurahi kukuona, bibi."

Nje nikamsikia jirani anapaliwa na chai. Maana huku kwetu, na Kongo kote nilikopita, bibi ni mke.

"Mama!" akaita kutoka benchini. "Huyu mutu anakuita bibi yake! Mahari iko wapi?"

Mwanangu akamfanyia ishara anyamaze. Mimi nikamwambia yule kijana, "Mimi iko mama. Jina lako nani?"

"Niite kijana wako tu."

"Kijana wangu hana jina?"

"Jina langu gumu, bibi. Tuongee gari."

Hapo nilijua siku itakuwa ndefu. Mtu aliyenyima jina atanyima na shilingi. Lakini nikaingia kazini. Nikaanza na kasoro, kama tunavyoanza. Ukinunua karanga unazimwaga mkononi, unatafuta iliyooza, unamwonyesha mwenyewe. Kitambaa unakiinua kwenye jua. Sasa gari lililo ng'ambo ya bahari, jipya, utalitafutia kasoro wapi? Halivuji, halina harufu, halitoi sauti.

"Fungua mbele nione mashine," nikamwambia.

Akafungua. Ndani kulikuwa kutupu, kama sanduku la nguo.

"Mashine iko wapi?"

"Hakuna mashine ya namna hiyo, bibi. Ni betri, iko chini."

"Kwa hiyo wewe unauza gari haina mashine, na unataka bei ya gari iko na mashine."

Akacheka mpaka simu yake ikatikisika. Akapunguza. Kidogo, lakini alipunguza, na mwanangu aliyeshindwa miezi yote ile akanishika bega. Nikaona kipande changu cha ardhi kimerudi hatua moja.

Nikamtajia bei yangu. Akashika kichwa. Akaniapia kwa Mungu kwamba kwa bei hiyo tajiri wake atamfukuza. Nikamwambia tajiri wake aje nimwone. Akashuka tena, nami nikapanda kidogo, tukaenda hivyo mpaka tukakwama. Kati yetu kulibaki pengo ambalo ndilo lile lile la stoo.

Sasa, sokoni ukikwama kuna dawa moja, nayo ni miguu. Unaweka kitu chini, unafunga nguo yako vizuri, unageuka, unaondoka polepole. Hapo muuzaji anakuona mgongo. Mgongo wangu umeshusha bei nyingi kuliko mdomo wangu. Huhesabu, hugeuki, unasubiri ile sauti, "Mama, rudi!"

Basi nikainuka. Nikamwambia, "Baki na gari yako," nikageuka, nikatoka mbele ya simu, nikasimama karibu na kabati. Nikasubiri.

Kimya. Kisha yule kijana, "Halo? Halo? Bibi? Mtandao umekatika?"

Mwanangu akaninong'oneza, "Mama, hakuoni!"

"Asinione ndiyo vizuri, nimeondoka."

"Anafikiri simu imeharibika!"

Na kweli, akakata, akapiga upya, na sura yake ikarudi ileile, bei ileile, haijui kwamba mimi nimeshaondoka na kurudi. Nilikaa tena kwenye kile kiti na nikahisi kitu ambacho sijawahi kukihisi katika biashara. Sina miguu. Waya umenifunga kwenye kona, na yule anaweza kunitazama mchana kutwa bila kuogopa kwamba nitamwacha. Adhana ya adhuhuri ilipita nikiwa hapo hapo, nikijua kwamba nikiinuka kwa kweli, mwanangu ataandika kwa Kiingereza kwamba amekubali, na kamba itapita mlangoni kwangu.

Kwa hiyo nikatumia nilichobakiwa nacho. Nikanyamaza. Nikamtazama tu, macho makavu, mikono mapajani. Alisema hili, akasema lile. Alisifu viti. Alisifu taa. Mimi kimya. Watu wa simu hawawezi kimya, wanafikiri kimekatika kitu.

"Bibi uko?"

Kimya.

"Bibi, haya. Haya basi! Chukueni kwa ile ya mwanao. Umeniua, bibi. Umeniua mchana."

Ile ya mwanangu! Yaani mfuko wake, bila kuzidi. Mwanangu akaruka. Nje jirani akavuta pumzi, nikaisikia. Nami nikasema, "Sawa."

Laiti ningefunga mdomo hapo. Lakini mkono uliozoea soko una tabia zake. Ukimaliza bei ya nyanya huondoki hivi hivi. Zile nyanya zinazoletwa na kina mama wa Pajulu zinapangwa mafungu. Ukishalipa fungu unasema, nataka ongeza, naye anakuwekea moja juu, pengine mbili. Usiposema, anakushangaa, anafikiri una hasira naye. Ongeza ndiyo inayoonyesha kwamba mmemaliza kwa wema. Na mwanangu alikuwa amenieleza kwamba kile kifaa cha ukutani cha kulishia gari, chaja, kinauzwa mbali na gari, kwa bei yake.

Nikatabasamu, nikasema, "Sasa nataka ongeza."

Uso wa yule kijana ukabadilika.

"Unataka kuongeza, bibi?"

"Eeh. Ongeza kidogo tu. Tumemaliza vizuri."

"Mashallah!" Akaweka mkono kifuani. "Sijawahi kuona. Uongeze kiasi gani, bibi yangu?"

Nikajua ananiuliza niwekewe nini juu. "Ile ya chaja," nikasema.

"Ya chaja? Yote?"

"Yote. Usikate chaja nusu!"

"Mungu akuzidishie, bibi. Mungu akuzidishie! Namwambia tajiri sasa hivi."

Akakata simu huku akiniombea dua. Niliswali adhuhuri yangu kwa raha kubwa. Nilipotoa salamu, mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na simu.

"Mama. Umefanya nini?"

"Nimekupatia gari na chaja."

"Amenitumia hesabu. Ni ile tuliyokubaliana, na juu yake amejumlisha bei ya chaja. Anasema wewe mwenyewe umeongeza. Anasema hajawahi kuona mteja mwenye moyo kama wako."

Sikuelewa mara moja. Nilimfanya anisomee tena. Kisha nikakaa chini pale pale kwenye msala, kwa sababu nilielewa. Hesabu ile ilizidi mfuko wake. Ilizidi, nami nilisema mbele ya mtu, hata kidogo.

Jirani alikuwa ameshainuka benchini. Hakucheka, na namshukuru kwa hilo. Alikwenda kwake, akarudi na kamba ya katani imekunjwa vizuri kwenye kiwiko. Hakuingia. Alisimama getini kama kawaida yake, mikono nyuma, kamba ikining'inia.

"Mama, mimi hapana haraka," akasema. "Lakini mama amesema."

"Nimesema."

"Gari imezidi?"

"Imezidi."

"Basi," akasema, akatazama ardhi yangu, mkeka wangu, makawa yangu yaliyopangwa. Alikuwa na haya machoni. Sijui kwa nini haya ya mtu mwema inauma kuliko dharau ya mtu mbaya.

Nikamwambia asubiri anywe chai. Mtu akiwa na chai mkononi hawezi kukunjua kamba. Kisha nikamwambia mwanangu, "Mpigie."

"Mama, neno limeshatoka."

"Mpigie. Sirudishi neno. Nataka kujua ni neno gani lilitoka."

Akaniegemezea simu kwenye kopo. Nikarudi kwenye kona yangu. Kijana akatokea, kachangamka kama mtu wa harusini.

"Bibi mkarimu!"

"Mimi hapana mkarimu. Wewe umesikia nini kwa mimi?"

"Ulisema unataka kuongeza."

"Mimi nilisema, nataka ongeza."

"Ndiyo, kuongeza."

"Ku iko wapi?"

"Bibi?"

"Hiyo ku. Nani alisema ku? Mimi sikusema ku. Wewe ndiye umeweka ku."

Nikamweleza nyanya. Nikamweleza fungu, na ile moja ya juu, na kwamba kwetu ile moja ya juu jina lake ni ongeza, mtu anaitaka kama anavyotaka chumvi au maji. Nikaona anaelewa, kwa sababu uso ulianza kucheka kabla yake.

"Lo! Nyongeza! Bibi, si ungesema nyongeza!"

"Wewe si ungeuliza!"

"Niliuliza! Nilisema yote? Ukasema nisikate nusu!"

Hapo hata mimi nilicheka, na nje chai ya jirani ikamwagika. Lakini kicheko kiliisha, na kijana akajikuna shingo. Akasema tajiri ameshaambiwa. Tajiri amefurahi, hesabu imeshaandikwa. Akirudi sasa kusema mteja hakuongeza ila alitaka aongezewe, ataonekana mwongo au mjinga. Alisema kwa upole, na nilimwamini. Naye alikuwa amefungwa, kwenye kona yake, na magari yake nyuma kama meno.

Nilitazama mlango wazi, nikaona barabara, mama mmoja akipita na beseni la mihogo kichwani. Nikamwita jina lake. Akasimama, akaitikia, akauliza nimeshindaje, akaendelea. Nikageuka kwenye simu.

"Kijana. Jina lako nani?"

"Bibi, tulishasema..."

"Hatukusema. Wewe ulisema gumu. Mimi nimekumbuka magumu kuliko hilo."

Akanitajia. Halikuwa gumu hata kidogo.

"Na mama yako?"

Kisha akataja, na sauti yake ikawa ya mtoto.

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Mguu tu unamsumbua."

"Nitamwombea. Kwa jina hilo hilo, la kwake. Sasa nikuambie. Hapo nje kuna mtu mwema ameshika kamba. Bei ikibaki hivi, anajenga stoo mbele ya mlango wangu, na mimi nakaa nyuma yake mpaka nife. Huko nyuma hapana mtu anapita. Sitakuwa na kazi. Nitakuwa nakaa tu na majina. La mama yako nitakuwa nalo mchana kutwa."

"Bibi, hayo ni maneno gani?"

"Ya kweli. Nyuma ya stoo mtu anafanya nini kingine?"

Mpaka leo sijui kama nilimwomba au nilimtisha. Nadhani hata yeye hajui. Alitazama pembeni, akafuta uso kwa mkono, akatukana kidogo, si mimi, mambo kwa jumla.

"Haya. Chaja natoa mimi, kwenye changu. Mama wawili kwa siku moja siwezi. Mwambie mwanao atume pesa leo leo, tajiri hajafunga. Na bibi..."

"Eeh?"

"Usiseme tena neno lolote."

Mwanangu alikimbia. Jirani alimaliza chai yake, akaikunja kamba upya ingawa ilikuwa imekunjwa.

"Mama, umepona," akasema.

"Nimepona."

"Basi mimi iko tu."

Gari lilifika baada ya muda mrefu wa bahari na karatasi, juu ya lori, limefunikwa kama bi harusi. Lilishuka bila sauti. Watoto wa mtaa walirudi nyuma, maana kitu kinachotembea bila kunguruma kinatisha. Mwanangu alilia, na mimi nililia, na chaja ilikuwemo ndani ya sanduku lake, mpya, ongeza yangu.

Kisha tukauliza chaja inafungwa wapi.

Mwenye nyumba wa mwanangu kule Arua alikataa. Alisema nyumba yake itaungua, na kama haitaungua wapangaji wengine watagombana juu ya bili. Mwanangu alizunguka, akaomba, akarudi kwangu. Ukuta ulio wetu ni mmoja tu duniani, nao ni wa nyumba yangu, upande wa mbele. Fundi akaja, akatoboa kando ya mlango wangu, akafunga kile kifaa. Na gari linalolishwa hapo linasimama wapi? Linasimama mbele ya kifaa. Pua yake iko karibu na dirisha langu na mkia uko barabarani. Linalala hapo, na likiwapo kipande chote ni chake. Mkeka hauenei. Makawa yangu nimeyatundika ndani, ambako hakuna anayeyaona. Nikitaka kufika barabarani napita ubavuubavu kati ya gari na ukuta, gurbaba nimeikusanya mkononi isishike uchafu, na ule waya nauruka, mimi na umri huu.

Mwanangu ameanza kunenepa, watoto wake wako shuleni, siwezi kusema kitu. Mchana akiwa safarini napata nafasi yangu, natandika mkeka. Lakini siku umeme ukikatika, na bado unakatika, gari linashinda hapo likisubiri, na mimi ninashinda ndani nikiitazama pua yake. Watu wanapita, wanasimama. Wanaliuliza hali. "Limeshiba?" wanasema. "Leo limelala njaa?" Mimi hawanioni.

Juzi umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Jirani alikuja getini, yaani pale geti lilipokuwa kabla ya gari. Aliniona nikijaribu kupita na kikapu, nimekwama kati ya kioo cha pembeni na ukuta. Hakucheka. Alikikunja kioo, akapokea kikapu, akanivuta mkono nikatoka. Tukasimama barabarani tukilitazama lile gari jeupe.

"Mama," akasema polepole, "ungeniuzia mimi, ningekuachia njia."

Nikamtazama. Alikuwa amenena kwa wema mtupu, kama kawaida yake.

"Njia ya upana gani?"

Akaweka kikapu chini. Akanyoosha mikono yake miwili, akaipima hewani mbele ya gari.

"Ongeza," nikamwambia.

Huyu alielewa. Akaipanua.